Visa na Vitabu vya Pwani Vinavyostahili Filamu: Maswali Tunayoulizwa Lamu

Tuko watu kumi na kidogo, wapenzi wa vitabu na filamu, tunaokutana darini kwa mwenzetu mmoja mtaa wa Mkomani. Tunatandika mkeka, tunatundika shuka nyeupe ukutani, tunaangalia filamu, kisha mazungumzo hushinda filamu yenyewe kwa urefu. Maswali yanayorudi ni yale yale: barazani baada ya Isha, gatini tukisubiri mashua, na kwenye simu kutoka kwa vijana wa Malindi na Mombasa wanaotaka kuandika miswada. Nimeyakusanya hapa kwa nambari. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimetaja nambari tu ili nisirudie.

## Mwanzo

1. Kisa kinachostahili filamu ni kisa cha namna gani?

Wengi hudhani ni kisa kikubwa: vita, wafalme, meli kuzama. Sisi huuliza jambo dogo: nikikusimulia kwa pumzi moja, jicho lako litashika nini? Tupa, kile chuma cha kukerezea vyuma, iliyofichwa ndani ya mkate. Kuku anayelinda vifaranga vyake mbele ya afisa wa serikali. Mama mgonjwa anayeagiza wino na karatasi. Kisa chenye kitu kama hicho kina filamu ndani yake. Kisichokuwa nacho kinaweza kuwa kitabu kizuri sana na kikabaki kitabu.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, kwa mfano, naipenda kuliko utungo mwingine wowote wa pwani, lakini siioni ikisimama peke yake kama filamu. Ni mtu anauhutubia moyo wake, anauambia utazame Pate ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa: majumba yaliyong'aa taa, madaka yaliyopangwa sahani ambayo sasa yanalaliwa na makinda ya ndege. Picha zimejaa tele, ila hakuna mtu anayetaka kitu na kuzuiwa. Ningeitumia kama sauti inayopita juu ya kisa kingine cha Pate.

2. Kwani hakuna riwaya ya Kiswahili iliyowahi kufanywa filamu?

Ipo. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1999, iligeuzwa filamu na mwongozaji Amil Shivji na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo, na Denge, kijana wa harakati za uhuru.

Tulipoiangalia darini, wasomaji wa kitabu walinung'unika kwamba mengi yameachwa. Mimi nilifurahi. Kitabu kinene hakiingii katika filamu moja bila kumwagika, na waliotengeneza waliamua kushika watu wawili na mji mmoja. Anayetaka kugeuza riwaya aisome kwanza, kisha aiangalie filamu, na aandike pembeni kila kilichoachwa. Hilo ni darasa tosha.

3. Mbona mnang'ang'ania Lamu na Malindi?

Kwa sababu ndiko tuliko, na ndizo sauti tunazoweza kuzisahihisha zikikosewa. Visa vya Mombasa, Unguja, Kilwa na Ngazija vina wenyewe, na tunatamani nao wavitoe.

## Visa vya kale

4. Mkiambiwa mchague kimoja tu, mtachagua kipi?

Fumo Liyongo, bila kusita. Lakini si kwa sababu ambazo watu hutegemea.

Utendi unaojulikana zaidi ulitungwa na Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, naye aliuchota kwenye masimulizi ya kale zaidi. Liyongo ni shujaa, mpiga mishale na mshairi, na mfalme wa Pate anamhofia. Wanajaribu kumuua kwa hila: wanakwenda porini kula makoma, kila mtu apande kwa zamu, wampige mishale zamu yake ikifika akiwa juu. Yeye hapandi. Anachukua upinde, anayatungua matunda kwa mishale kutoka chini. Huo ni mwanzo wa filamu ambao hauhitaji neno hata moja.

Kisha anafungwa. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku askari wanakinyang'anya kile kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anaimba shairi mle gerezani, askari wanasikia wimbo tu, Saada anasikia ujumbe: mwambie mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na katikati yake aweke tupa. Mkate wa wishwa askari hawautaki. Unapita.

Sasa sikiliza kinachofuata. Anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa. Mji mzima unakusanyika nje ya gereza na pembe, matuazi na ngoma. Kelele zinapopanda, yeye ndani anakereza minyororo. Nifikiriapo tukio hili siwazi kamera kabisa, nawaza mtu wa sauti. Tupa ina mlio wake mwembamba, wa kusaga. Matuazi yakilia, mlio huo unazama. Yakinyamaza, naye lazima anyamaze, mkono ukiwa hewani. Akichelewa nusu pigo, askari atasikia. Filamu nzima inaweza kusimama juu ya dakika hizo tano.

Na mwisho wake: mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kuvuta mshale, na kufa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali wakidhani yu hai, hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mama yake anapoombwa aende kumsihi.

5. Si itakuwa tu filamu ya jitu la misuli?

Itakuwa hivyo ikiwa mwandishi wa mswada atamfuata Liyongo. Ushauri wetu ni amfuate Saada.

Yeye ndiye anayetembea. Yeye ndiye anayepita mbele ya askari kila siku na sinia kichwani. Anasikia shairi kupitia ukutani mara moja, hana wa kumwandikia, na lazima alibebe kichwani mpaka kwa mama. Akikosea neno moja, tupa haiji. Na siku ya mkate anajua kilichomo ndani yake, anajua askari wakiumega atakufa kabla ya bwana wake.

Hapo pana jambo zito ambalo hatupendi lipitwe juu juu. Saada ni mtumwa. Anahatarisha shingo yake ili mtu mwingine atoke kwenye minyororo. Filamu yoyote ya haki itauliza: Liyongo akatoka, na Saada je? Utumwa katika pwani yetu ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907, si zamani hivyo, na wajukuu wa pande zote mbili tunakaa mitaa hii hii, tunaswali msikiti mmoja. Kumwonyesha Saada kama kijakazi mchangamfu mwenye furaha ya kutumwa ni kuwavunjia heshima watu waliomo ukumbini.

6. Vita vya Shela navyo?

Vinastahili, ila ni ghali. Mnamo 1812 au 1813 majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalitua Shela kuishambulia Lamu, na yakashindwa vibaya. Husimuliwa kwamba waliporudi mbio ufuoni walikuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa mchangani. Ushindi huo ndio uliowafanya watu wa Lamu waombe ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na ngome tunayopita kila siku ilimalizika mnamo 1821.

Kwangu tukio ni moja: nahodha amesimama karibu na chombo kilicholala ubavu, anatazama bahari iliyokwenda zake, na nyuma yake kelele zinakaribia. Anayejua maji kupwa na kujaa atatetemeka. Asiyejua, filamu imfundishe mapema, labda kwa watoto wanaookota kaa mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina.

7. Utendi wa Mwana Kupona ni nasaha kwa binti. Filamu itatoka wapi?

Itatoka kwenye beti za mwanzo kabisa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi huu mwaka 1858. Ameugua muda mrefu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyewasumbua Waomani kwa miaka, amekwisha kufa. Anamwita bintiye Mwana Hashima asogee, akae, alete wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo anataka kumwambia. Chumba kimoja, wanawake wawili, kalamu. Kila mtu aliyewahi kukaa kitandani pa mama mgonjwa anaijua hali hiyo.

Watu hukataa wakisema ni mafunzo ya kumtii mume tu. Mimi husema msome tena mkimwona anayesema ni nani: mjane wa mtu wa vita, anayejua kwamba ataondoka na kumwacha msichana katika mji usio na amani. Anampa silaha alizonazo. Filamu inaweza kwenda na kurudi kati ya chumba kile na Siyu ya ujana wake, huku binti akiandika, mara nyingine akiinua kalamu asikubali. Ukimya wa binti ndio nafasi ya mwigizaji.

8. Na kisa cha upande wa Malindi?

Mekatilili wa Menza. Pale mjini Malindi pana bustani yenye jina lake, na kila Agosti watu wa Giriama humkumbuka. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi na watu walipe kodi, yeye, mwanamke mjane, alizunguka vijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi. Watu wakamfuata, na kiapo kikaliwa.

Tukio linalosimuliwa kila mahali ni la kuku. Afisa Arthur Champion ameitisha mkutano. Mekatilili anakuja na kuku mwenye vifaranga, anamwambia afisa achukue kifaranga kimoja. Anapojaribu, kuku anamrukia. Ndivyo itakavyokuwa ukiwachukua wana wetu, anamwambia. Champion anampiga kuku risasi. Uliza mzee yeyote wa Magarini, atakuigizia huyo kuku kwa mikono miwili.

Alikamatwa akapelekwa magharibi ya Kenya, mamia ya kilomita, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Kwa filamu, mimi ningeanza na ile safari ya kurudi: mwanamke wa makamo, nchi asiyoijua, lugha asizozijua, anaulizia njia ya kuelekea jua linakochomoza. Mambo ya 1913 yaje kama kumbukumbu njiani.

Na azungumze Kigiriama. Tazama pia swali la 12.

9. Kisa cha twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi ni cha kweli?

Ni cha kweli. Twiga wa kwanza alifika kwa mfalme wa China mwaka 1414 akitokea Bengal, na mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi walipeleka wao. Wachina walimwona kama yule mnyama wa baraka anayetajwa katika hadithi zao. Hebu waza kazi ya kumpandisha twiga chomboni, kumlisha baharini miezi kwa miezi, shingo ikiyumba na mawimbi. Hii tungependa iwe katuni ya watoto, kwa macho ya kijana mchungaji aliyepewa kazi ya kumtunza na asiyejua anakwenda wapi.

Wanaoleta kisa cha Vasco da Gama tunawaomba wakigeuze. Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani, na kwa chini ya mwezi mmoja akawa pwani ya India. Mnara umejengwa kwa jina la mgeni. Filamu iwe ya rubani, mtu aliyeijua njia tayari. Tahadhari moja: msimwite Ibn Majid. Jina hilo limerudiwa sana, lakini wasomi wengi wamekwisha kulikataa.

10. Posta ya Wajerumani hapa Lamu je?

Filamu fupi, ndiyo. Ilifunguliwa Novemba 1888 na kufungwa 1891, na nyumba yake bado ipo. Miaka miwili na kitu ya barua, huku Witu, usultani ulioegemea Ujerumani, ukichomwa moto na Waingereza Oktoba 1890. Karani mmoja, mihuri, na habari zinazofika zikiwa zimechelewa.

## Vitabu

11. Ni riwaya gani za Kiswahili mngeanza nazo?

Kwa mfululizo wa televisheni: hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mpelelezi mwenye kiko, anayefikiri taratibu, katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenziwe na bado siri zinakaa. Kila kitabu ni msimu mmoja. Nyumba za mawe, ua, watu wanaochungulia madirishani, vyote tunavyo.

Kwa filamu ya familia: Siku Njema ya marehemu Ken Walibora (1996). Kijana Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake Kenya. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kinaijua kwa moyo, kwa hiyo watazamaji wapo kabla hujanunua kamera. Mwenzetu mmoja, dereva wa mashua, hakumaliza shule lakini anaweza kukutajia safari ya Kongowea kituo kwa kituo.

Kwa mwenye fedha nyingi na subira: Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri kufidia deni la babake, na msafara unakwenda bara. Kwa Kiswahili kitabu kile kinasomeka kana kwamba kimerudi nyumbani, na filamu yake iwe kwa Kiswahili, wala isiwe vinginevyo.

## Lugha, mavazi na bahari

12. Wazungumze Kiamu au Kiswahili sanifu?

Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na manukuu ya Kiswahili sanifu chini. Hili ndilo swali ambalo hatulegezi.

Sababu si ushabiki wa mtaa. Tendi hizi zilitungwa kwa lahaja hizi, na vina vyake vinakaa kwa matamshi haya. Mama wa Lamu anayemwita bintiye akasema "njoo" badala ya "ndoo" amekwisha kuwa mtangazaji wa redio. Usiku mmoja darini tulicheza rekodi ya kijana akisoma Mwana Kupona kwa usanifu. Bibi mmoja aliyekaa pembeni akisuka ukili aliacha kusuka, akasema, "Huyo hana mama." Kisha akaanza yeye, kwa mahadhi, kutoka kichwani, na ukili mkononi. Sote tukazima simu.

Wanaohofia kwamba Tanzania au Nairobi hawataelewa wakumbuke kuwa watu hao hao hutazama filamu za Kihindi na za Kikorea kwa manukuu. Kwa Pate na Siyu, mtafute mtu wa huko. Kwa Mekatilili, Kigiriama.

13. Makosa gani ya mavazi na vifaa huwaudhi zaidi?

Kanga. Kila filamu ya kale ya pwani humvika mwanamke kanga, na kanga ilianza mwishoni mwa karne ya 19. Mwana Kupona hakuijua, seuze mama yake Liyongo. Wanawake wa nyumba kubwa za Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichoinuliwa kwa miti na wajakazi. Hiyo ndiyo picha ambayo hakuna aliyeionyesha vizuri bado: kijihema kinachotembea kichochoroni, na ndani yake mazungumzo.

Vyombo vya baharini pia. Kwa kisa cha kale tafuta umbo la mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, chenye tanga la mkeka. Mafundi wa Matondoni wanajua kuunda vyombo kwa mkono. Waulizeni kabla ya kuchora. Na msimwekee Liyongo sima ya mahindi: mahindi yalikuja na Wareno.

14. Kupiga picha Lamu ni vigumu?

Ni vigumu kwa mtu mwenye haraka. Vifaa hutua uwanja wa ndege wa Manda, vinavushwa kwa mashua, vinapanda punda au mkokoteni, na vichochoro vingine havipitishi sanduku pana. Magofu ya Takwa yanafikiwa kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakikupwa hamwingii wala hamtoki. Njia ya Mkanda kwenda Pate ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ratiba ya siku haipangwi kwa saa za ofisini, inapangwa kwa bamvua na maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana na siku yanapojaa na kupwa kidogo. Mwongozaji asiyemsikiliza nahodha atalala kwenye mikoko na mbu.

Aprili hadi Juni mvua na kusi. Sauti nayo: hesabuni adhana tano, punda, na mashua za mashine. Msiombe mtu azime kipaza sauti cha msikiti. Ngojeni, ni dakika chache.

Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na magofu kama Takwa na Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Barua ya ruhusa itangulie. Kaya za Mijikenda ni mahali patakatifu, na hapo karatasi ya serikali bila idhini ya wazee wa kaya haina uzito.

## Haki na ruhusa

15. Utendi wa kale una mwenyewe?

Kisheria, maandishi nchini Kenya hulindwa maisha ya mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kijumwa alifariki 1945, Mwana Kupona mapema zaidi, katika karne ya 19. Tungo zao hazidai leseni. Lakini chapa ya kisasa yenye maelezo ya mhariri, au tafsiri, ni kazi ya mtu mwingine na huenda bado inalindwa. Tumia utungo, usinakili maelezo.

Tena kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016, inayotambua kwamba jamii ina haki juu ya ngoma, nyimbo na masimulizi yake. Kifudu si mali ya anayeirekodi kwanza.

16. Na kitabu cha mwandishi aliye hai, au aliyefariki karibuni?

Ruhusa kwa maandishi, kabla ya kuandika hata ukurasa wa kwanza wa mswada. Anza na mchapishaji, umwulize nani anashikilia haki za filamu. Mara nyingine ni mwandishi mwenyewe au warithi wake. Huna fedha za kununua haki zote? Omba mkataba wa kuzishikilia kwa muda, mwaka mmoja au mmoja na nusu, kwa malipo madogo, huku ukitafuta mfadhili. Muda ukiisha haki zinarudi kwa wenyewe. "Nilimpigia simu akasema sawa" si mkataba, hata kama mwandishi ni mjomba wako.

17. Kisa cha kweli cha mtu aliye hai?

Mwulize. Akikataa, kiache. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na kubadilisha jina pekee hakusaidii katika mji mdogo. Hapa Lamu ukisema "fundi mmoja wa Langoni aliyeachwa na mke mwaka wa mvua kubwa", watu wamekwisha kumjua kabla hujamaliza sentensi.

18. Je, maisha ya Habib Swaleh?

Tunaulizwa kila Maulidi. Alitoka Ngazija, akaishi na wanyonge wa mji huu, akafundisha watu ambao wengine hawakutaka kuwafundisha, na msikiti wa Riyadha ni alama yake. Ni kisa kizuri mno. Maoni yetu: asiigizwe. Itengenezwe filamu ya waliomzunguka: mbeba maji aliyejifunza kusoma, mama anayepika siku ya Maulidi, watoto wa tari. Uwepo wake uonekane kwenye nyuso zao. Na walimu wa Riyadha washauriwe tangu mwanzo, si siku ya uzinduzi.

19. Mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014?

Wametuuliza watu wa nje zaidi kuliko wa hapa. Bado. Wajane na watoto wa siku zile wangali wakienda sokoni. Ikiwa siku moja wao wenyewe watataka kusema, kamera iwe mikononi mwao au mwa watoto wao. Mpaka hapo sisi hatushiriki katika mswada wowote wa jambo hili.

20. Nimewarekodi wazee wakisimulia. Niwarudishie nini?

Kwanza malipo ya muda wao, yaliyotajwa mapema. Pili majina yao kwenye filamu, kama wanataka. Tatu nakala.

Hii ya tatu nina uchungu nayo. Miaka kadhaa iliyopita kundi moja la wageni lilikuja na kamera nzuri, wakamrekodi bibi yangu akighani kwa siku mbili. Aliwatolea beti ambazo hata sisi nyumbani hatukuwahi kuzisikia. Walisema watatuma. Bibi akafariki, hatukupata hata picha moja, na zile beti hakuna kati yetu anayezikumbuka zote.

Kwa hiyo sisi tukirekodi, haturudi nyumbani kabla mwenye sauti hajaisikia. Mwezi uliopita ilikuwa mzee mmoja, nahodha mstaafu, hana kompyuta wala simu ya maana. Tukaiweka kwenye simu ya mjukuu wake, tukakaa naye barazani mpaka ikaisha. Alitusahihisha majina mawili ya mikondo ya bahari na akataka turekodi upya. Tukarekodi upya.